UZI: Kadi inasema damu 9.1, karatasi ya hospitali inasema 10.6. Tumwamini nani?

#1 MaabaraMikindani

Wanajukwaa wa Kusini, salaam. Swali hili linajirudia kwenye kila uzi wa wajawazito, linajibiwa nusu nusu kisha linazama. Nimelifungulia nyumba yake.

Mfano wa kufanyia kazi: mjamzito wa wiki 24. Jumanne kapimwa kidole kwenye zahanati moja ya vijijini Lindi, kadi ikaandikwa 9.1. Alhamisi kachukuliwa damu ya mshipa kwenye hospitali fulani, mashine kubwa ikatoa karatasi hii:

RBC 4.21
HGB 10.6
HCT 31.4
MCV 74.6
MCH 25.2
MCHC 33.8
RDW 17.1

Katikati hapo hajaongezewa damu wala hajaanza vidonge. Mtaani hukumu imeshatoka: zahanati wamebahatisha, hospitali ndio wenye mashine. Mimi ukubwa wa jengo hauniambii kitu. Tuangalie damu ilivyotoka mwilini na ilivyosomwa.

Kwanza tuweke sawa maneno, maana tunaposema "wingi wa damu" tunachanganya vitu vitatu. Hakuna anayepima umebeba lita ngapi (mtu mzima ana kama lita 5). Kinachopimwa ni: idadi ya chembe nyekundu katika tone, ambazo kwa kawaida ni milioni 4 hadi 6 kwa maikrolita moja, gramu za hemoglobini, ile protini nyekundu yenye chuma inayobeba oksijeni, katika desilita moja, na sehemu ya damu inayokaliwa na chembe zenyewe ukiziacha zitulie chini ya utegili, yaani majimaji ya damu. Kwenye karatasi hivyo vitatu ni RBC, HGB na HCT, kwa mpangilio huo. "Damu gramu 9" ni hicho cha pili tu.

Vyote vitatu ni uwiano, si jumla. Mjamzito utegili wake huongezeka kama asilimia 40 hadi 50, chembe nazo huongezeka ila hazifiki huko, hivyo namba inashuka hata kama hakupoteza damu. Mgonjwa wa kuharisha anafanya kinyume: maji yameondoka, namba inapanda, na anaonekana ana damu nzuri kumbe hana.

Karibuni. Anayejua kidole aanze.

#2 NesiWaKliniki

Kidole ndiko 9.1 ilikozaliwa, basi nianze.

Mkono uwe na joto. Mama aliyetoka kunyeshewa ana vidole vya baridi na damu haishuki. Mpe maji ya uvuguvugu anawe au asugue viganja kwanza. Chagua kidole cha kati au cha pete. Mtoto chini ya miezi 6 hutobolewa kisigino, pembeni, si katikati.

Futa kwa spiriti ya asilimia 70 kisha SUBIRI ikauke. Hapa ndipo wengi tunapokosea siku ya kliniki foleni ikiwa ndefu. Spiriti mbichi inachanganyika na tone, na tone lenyewe linasambaa badala ya kukaa mviringo.

Toboa pembeni ya ncha, si katikati ya nyama ya kidole. Toboa mara moja kwa kina cha kutosha, maana ukiogopa kumuumiza utaishia kumtoboa mara tatu. Futa matone mawili au matatu ya kwanza kwa pamba kavu. Tone linalofuata liache likue lenyewe, kisha gusa kwa ncha ya kuveti (kile kijisahani chembamba kinachoingizwa kwenye mashine) ijae kwa mvuto mmoja. Ikisita nusu, usirudi kuiongezea. Tupa, chukua nyingine. Futa damu ya nje kwa pamba bila kugusa mdomo wa kuveti, maana pamba itanyonya damu ya ndani. Inua kwenye mwanga: ukiona kiputo cha hewa katikati, hiyo nayo ni ya kutupa.

Na kukamua kidole, jamani! Ukikamua unaleta maji ya kwenye nyama, yanaingia kwenye tone, hemoglobini inashuka. Mama ana 10.5, wewe unaandika 9 na ushee.

#3 KoroshoDarajaLaKwanza

Dada nesi, sasa kama damu haitoki kabisa afanyeje? Maana kila mtu nimemwona anakamua.

#4 NesiWaKliniki

Shusha mkono chini ya usawa wa moyo, papasa taratibu kuanzia kwenye kiganja kuelekea kidole, achia, rudia. Kinachokatazwa ni kubana ncha yenyewe kando ya tundu. Ikigoma, toboa kidole kingine.

#5 FundiVifaaTiba

Nesi kamaliza upande wa mkono. Mimi nizungumzie kuveti, kwa sababu tuko pwani na watu wanasahau hali ya hewa yetu.

Vile vimashine vya kidole vya HemoCue viko vya aina mbili kubwa huku kwetu, na havifanani tabia. Ile 201 kuveti yake ina dawa kavu ndani: moja inapasua chembe, nyingine (naitriti) inaibadilisha hemoglobini, ya tatu (azidi) inaipa rangi ya kudumu. Mashine inapitisha mwanga wa nanomita 570 kusoma rangi, na wa 880 kuondoa uongo unaoletwa na uchafu au mafuta. Dawa hizo zinavuta unyevu. Kopo likiachwa wazi asubuhi nzima mwezi wa tatu masika ikiwa imekolea, dawa inashikana, haiyeyuki vizuri ndani ya damu, namba inapotoka na mashine haitakuambia lolote.

Kwa hiyo: toa kuveti moja, funga kopo hapo hapo. Mikono mikavu. Andika tarehe ya kufungua juu ya kopo, miezi 3 ikipita lililobaki halifai hata kama tarehe ya kiwandani bado iko mbali. Usiweke kwenye friji. Ukilitoa linatoa jasho. Joto lake ni nyuzi 15 hadi 30, na chumba cha bati bila dari Desemba kinapita hapo kabla ya saa sita mchana.

Ile 301 kuveti yake haina dawa, inasoma damu kama ilivyo kwa nanomita 506 na 880, na inavumilia nyuzi 10 hadi 40. Ningekuwa mimi ndiye mnunuzi wa vituo vya ukanda huu, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, nisingefikiri mara mbili. Ila usichanganye kuveti za hii na ile.

Jambo moja linaloponza: ukiiwasha, mashine inajipima yenyewe na kuonyesha iko tayari. Inapima taa na kioo chake. Haipimi kuveti zako wala mkono wako. Ndiyo maana kuna maji ya kuthibitishia, ya kiwango cha chini, cha kati na cha juu: tone moja asubuhi, andika kwenye daftari, linganisha na kiwango cha kwenye chupa. Kituo kisicho na daftari hilo hakiwezi kutetea 9.1 yake.

#6 MzeeWaDarubini

Vijana mnazungumza kana kwamba dunia ilianza na kuveti. Kuna vituo bado vina Sahli kabatini, kile kifaa cha kupima hemoglobini kwa kulinganisha rangi kwa macho, na umeme ukikatika siku mbili mtaitafuta.

Weka asidi ya hidrokloriki ya nguvu ya 0.1 N hadi alama ya chini ya bomba, ongeza maikrolita 20 za damu kwa pipeti, suuza pipeti humo humo, subiri dakika 10. Rangi inageuka kahawia. Kisha maji yaliyotoneshwa, tone kwa tone huku ukikoroga, hadi rangi ilingane na kioo cha kando. Soma ulipofika.

Makosa yake nayajua kwa majina. Ukisubiri dakika 3 badala ya 10, rangi haijakomaa, unasoma chini. Kioo cha kulinganishia kikizeeka kinapauka. Macho ya watu wawili hutofautiana gramu nzima. Na yule wa haraka akipitiliza maji, hawezi kuyatoa.

Kadi ya rangi ya Shirika la Afya Duniani ni jambo jingine, ile ya madaraja ya 4, 6, 8, 10, 12 na 14. Tone kwenye karatasi yake maalumu (si karatasi yoyote unayoikuta mezani), soma kuanzia sekunde 30, usizidishe dakika 2, kwenye kivuli chenye mwanga wa mchana. Mama wa mfano wetu angesomwa "kati ya 8 na 10" au "10" na aliyesoma asingekuwa amekosea. Kadi hiyo kazi yake ni kumnasa mwenye 6. Usiitumie kubishana juu ya gramu moja na nusu.

#7 KilwaMasoko_PCV

Naongeza njia ambayo haihitaji dawa ya kubadilisha rangi: kuzungusha.

Kapilari, yaani kibomba chembamba cha kioo, ya urefu wa milimita 75. Yenye mstari mwekundu ina hepari (dawa ya kuzuia damu isigande), ni ya kidole. Yenye mstari wa buluu ni tupu, ni ya damu iliyokwisha kutiwa EDTA, dawa nyingine ya kuzuia kuganda. Ukitumia ya buluu kwa kidole damu inaganda njiani. Jaza robo tatu, ziba upande mmoja kwa udongo wa kuzibia, panga kwenye sentrifuji upande ulioziba ukitazama NJE, na kila kapilari iwe na mwenzake mkabala wake. Dakika 5 kwa nguvu ya mara 10,000 hadi 12,000 ya uzito. Utaona tabaka tatu: nyekundu chini, utando mweupe mwembamba, kisha utegili wa manjano. Soma nyekundu peke yake. Ukijumlisha na utando mweupe umempa mgonjwa asilimia asiyokuwa nayo.

Gawa kwa 3 upate makadirio ya gramu. 31 inakupa 10 na kidogo.

Yanayoharibika: sentrifuji iliyochoka inazunguka taratibu, chembe hazikushikana, usomaji unapanda. Udongo ukivuja, chembe zinatoka kwanza, usomaji unashuka. Damu kidogo kwenye chupa yenye EDTA nyingi, chembe zinasinyaa, unashuka tena. Na mgonjwa wa selimundu chembe zake hazilaliani vizuri, utegili unabaki umenaswa katikati, unasoma juu kuliko ukweli.

Rangi ya utegili usiitupe bila kuitazama. Manjano iliyokolea kama binzari ni dalili kwamba chembe zinavunjika mwilini au ini lina tatizo. Waridi ni chembe zilizopasuka, mara nyingi kwa mkono wa mchukuaji.

#8 MaabaraMikindani

Ahsanteni. Sasa upande wa 10.6, na hapa ndipo heshima isiyostahili inapogawiwa bure.

Mashine kubwa nyingi zinahesabu kwa kanuni ya Wallace Coulter, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka 1953. Damu inachanganywa na maji ya chumvi mara elfu kadhaa, kisha inavutwa kupitia kitobo chembamba chenye elektrodi huku na huku. Chembe haipitishi umeme vizuri, hivyo kila inapopita umeme unayumba. Idadi ya miyumbo ndiyo RBC. Urefu wa kila myumbo ni ukubwa wa chembe, na wastani wake ndio MCV, kwa femtolita. Pembeni, kwenye chumba kingine, sehemu ya damu ile inapasuliwa kwa dawa na rangi yake kusomwa: hiyo ndiyo HGB. Zilizobaki kwenye karatasi ni hesabu. HCT ni RBC mara MCV gawanya kwa 10. MCHC, yaani jinsi chembe zilivyojazwa hemoglobini, ni HGB gawanya kwa HCT mara 100.

Mnaona uzuri wake? HGB na RBC zimepimwa kwa njia mbili zisizojuana, kutoka chupa moja. Zikigombana, karatasi inajishitaki yenyewe. Kipimo cha haraka: HGB mara 3 ikaribie HCT, isiachane zaidi ya 3. Hapa 10.6 mara 3 ni 31.8, karatasi inasema 31.4. Sawa. MCHC iwe 32 hadi 36. Hapa 33.8. Sawa.

MCHC ndiyo namba ninayoitazama kwanza, kuliko hata HGB, kwa sababu mwili haujui kujaza chembe hemoglobini kupita kiasi. Ikisoma 39, tafuta kosa. Bonge dogo limeziba kitobo, chembe zikahesabiwa pungufu. Au utegili una mafuta mazito, rangi ya HGB ikapanda. Au chembe zimeshikana kwa baridi, zinapita tatu tatu, mashine inaona chembe chache kubwa: pasha chupa kwa nyuzi 37 nusu saa, pima tena, utaona zimeachiana.

Hadi hapa, karatasi ya Alhamisi iko safi upande wa mashine. Ila mashine inapima kilichomo kwenye chupa. Kwenye chupa kimeingiaje?

#9 NesiWaKliniki

Mkuu umenikumbusha. Ule mpira wa kufungia mkono ukikaa zaidi ya dakika 1, maji yanatoka kwenye mshipa kwenda kwenye nyama, chembe zinabaki zimesongamana. RBC, HGB na HCT zote tatu zinapanda pamoja, na kanuni ya mara 3 haitagundua kitu.

Halafu mkao. Mtu akilala kwa muda hemoglobini inashuka, akisimama inapanda, na tofauti inaweza kufika asilimia 5 hadi 10 bila chembe hata moja kuzaliwa wala kufa. Zahanati alipimwa ameketi baada ya kusubiri, hospitali pengine katoka moja kwa moja kwenye bodaboda.

Kinyume chake, damu ikichukuliwa mkono wenye dripu, zote zinashuka.

#10 NanyumbuNjiaYaVumbi

Na safari ya chupa je? Sampuli za kutoka ndani huku zinatembea saa nyingi kabla hazijaona mashine.

#11 KilwaMasoko_PCV

Chupa ya kifuniko cha zambarau, ijazwe hadi mstari wake, igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10 mara tu damu ikiingia. Kugeuza, si kutikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Ikisahaulika dakika mbili tatu vibonge vimeshaanza.

Hesabu ya chembe inafaa ndani ya saa 24. Slaidi itengenezwe mapema zaidi, ndani ya saa 6 kama inawezekana. Damu ikikaa kwenye joto chembe zinavimba: MCV inapanda, MCHC inashuka, RDW inapanda. Kwenye boksi la baridi, chupa isiguse barafu moja kwa moja. Damu iliyoganda kwa baridi chembe zake zimepasuka, hakuna cha kuhesabu tena. Zungushia gazeti au kitambaa, simamisha chupa wima. Boda kwenye makorongo anatikisa kuliko mashine yoyote ya maabara, kwa hiyo kuzibana chupa ndani ya boksi ni muhimu, zisigongane.

#12 MzeeWaDarubini

Kuna aliyeangalia chembe zenyewe? Slaidi moja ingemaliza ubishi huu jana.

Tone dogo sentimita 1 kutoka ukingoni, kioo cha kusambazia kwa nyuzi 30 hadi 45, rudisha kiguse tone, lisambae, sukuma mbele kwa mwendo mmoja. Ukisukuma taratibu utando unakuwa mwembamba, ukiharakisha unakuwa mnene. Damu iliyopungua sana ni nyepesi, simamisha kioo kidogo zaidi ya kawaida na sukuma upesi, la sivyo utando utafika mwisho wa slaidi.

Unyevu wetu wa pwani unaharibu mara mbili. Kwanza utando unakauka polepole na chembe zinajikunja: peperusha kwa mkono au feni ndogo, usipulize kwa mdomo, pumzi yako nayo ni mvuke. Pili, methanoli. Chupa ikiachwa wazi inakunywa maji ya hewani, na ukikaushia slaidi kwa methanoli yenye maji, chembe nyekundu zinatoka na mashimo yanayong'aa kama zimeliwa na nondo. Mgeni wa kazi anaandika ugonjwa ambao haupo. Mimina ya siku moja kwenye kichupa kidogo, kubwa lifungwe.

Chembe ya kawaida ina kipenyo cha maikromita 7 hadi 8, karibu sawa na kiini cha limfosaiti ndogo (aina ya chembe nyeupe), hivyo una rula ndani ya picha. Weupe wa katikati uwe theluthi moja. Kwa namba za mama huyu ningetarajia weupe uliotanuka, chembe ndogo zilizochanganyika na za kawaida, na pengine vichembe virefu kama penseli.

#13 KoroshoDarajaLaKwanza

Wakuu mnaenda kasi. Mzee umejuaje chembe zake ni ndogo wakati hujaziona?

#14 MaabaraMikindani

Kaangalia MCV. 80 hadi 100 ndiyo kawaida, yeye ana 74.6. RDW ni kiasi cha kutofautiana ukubwa, kawaida haizidi sana 14.5, yeye 17.1. Maana yake uboho unatoa chembe ndogo huku za zamani za kawaida bado zipo, kwani chembe moja huishi siku kama 120. Kiwanda kinaishiwa malighafi taratibu. Malighafi yenyewe kwa kawaida ni chuma.

Na hapa ndipo nilipotaka tufike. Kukamua kidole kunashusha HGB. Mpira wa mkono unaipandisha. Mimba inaishusha. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopunguza UKUBWA wa chembe. Joto na kuchelewa kwa chupa kungeupandisha, si kuushusha. Kwa hiyo 74.6 haijaguswa na ugomvi wa zahanati na hospitali.

#15 NewalaKwaUkungu

Ngoja kwanza. Si lazima iwe chuma. Ukanda wetu una watu wengi waliorithi talasemia ndogo ya alfa, hitilafu ya kutengeneza hemoglobini, nayo inatoa chembe ndogo bila upungufu wa chuma.

#16 MaabaraMikindani

Hoja nzuri. Hao huwa na chembe ndogo lakini NYINGI, RBC imepanda, na RDW mara nyingi haijatawanyika. Gawa MCV kwa RBC: chini ya 13 inaelekea talasemia, juu inaelekea chuma. 74.6 gawanya kwa 4.21 ni 17.7. Si hukumu ya mwisho, mtu anaweza kuwa na vyote viwili, ila mizani imelalia chuma.

#17 NewalaKwaUkungu

Nakubali. Sasa mipaka, maana wengi bado wanatumia 11 kwa kila mjamzito. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha: miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho ni 11.0, ya kati ni 10.5. Mama wa wiki 24 mwenye 10.6, kwa mpaka huo, HANA upungufu wa damu. Mwenye 9.1 anao, wa kati. Watoto wa miezi 6 hadi 23 nao sasa ni 10.5. Wanawake wasio wajawazito 12, wanaume 13, hapo hapakuguswa.

Na sisi tulio juu ya uwanda wa Makonde tuna letu: kuanzia mita 500 hadi 999 kutoka usawa wa bahari unapunguza 0.4 kwenye namba kabla ya kulinganisha, kwa sababu hewa nyepesi inaulazimisha mwili kuongeza chembe. Mama huyo huyo akiwa mkazi wa Newala, 10.6 inasomwa kama 10.2, tayari yuko chini ya mpaka.

#18 MchangiajiDamu_Ligula

Samahani kuingilia. Wanapotupima kabla ya kuchangia damu, tone linatumbukizwa kwenye maji ya buluu. Hiyo nayo ni hemoglobini?

#19 KilwaMasoko_PCV

Ni uzito, si rangi. Maji hayo ni salfeti ya shaba yenye uzito linganifu wa 1.053. Tone linaachiwa kutoka kama sentimita 1 juu, na likizama ndani ya sekunde 15 damu ina angalau 12.5. Likisita na kuelea, hapana. Halitoi namba, linatoa ndiyo au hapana. Kichupa cha mililita 30 kibadilishwe baada ya watu 25, na kifunikwe: maji yakikauka yanakuwa mazito na watu wazima wenye damu nzuri wanarudishwa nyumbani. Mwenye protini nyingi kwenye utegili anaweza kupita bila kustahili.

#20 KoroshoDarajaLaKwanza

Turudi kwa mama yetu. Nani kasema kweli? Na korosho zinaongeza damu au ni maneno ya sokoni?

#21 NesiWaKliniki

Korosho: gramu 100 zina chuma kama miligramu 6, lakini chuma cha mimea hakinyonywi kwa urahisi, na chai ya rangi juu ya chakula inakizuia zaidi. Mabibo yana vitamini C nyingi kuliko chungwa na vitamini hiyo inasaidia kunyonya, kwa hiyo msimu ukifika juisi ya bibo na mlo ni bora kuliko chai. Kwa mwenye MCV ya 74 hiyo haitoshi. Atahitaji vidonge.

#22 MaabaraMikindani

Kidole na mshipa vikifanywa vizuri vinaweza kuachana hadi gramu 1 na hakuna aliyekosea. Hapa pengo ni 1.5, hivyo kuna kitu kimeongezeka. Kubashiri kwangu: kidole kimekamuliwa AU kopo limepata unyevu, na mpira wa mkono nao umekaa kidogo zaidi. Ukweli uko katikati, karibu zaidi na 10. Anayetaka uhakika achukue mshipa tena, mama akiwa ameketi dakika 10, mpira chini ya dakika 1, chupa ijae, na tone la kwenye chupa HIYO HIYO lipitishwe kwenye kuveti ya zahanati. Zikilingana, kuveti ni nzima na kosa lilikuwa la kidole. Zikiachana, tupa kopo.

Ila uamuzi wa tiba usisubiri hayo. Mwenye 9.1 anatibiwa. Mwenye 10.6 ya wiki 24 angerudishwa nyumbani na "damu nzuri", huku mstari wa nne wa karatasi yake ukionyesha chuma kinaisha, na wiki 16 za mimba bado ziko mbele.

#23 NanyumbuNjiaYaVumbi

Na chanzo? Huku kwetu safura na kichocho havijaondoka.

#24 MzeeWaDarubini

Choo na mkojo vipimwe siku hiyo hiyo, na malaria. Minyoo ya safura ya aina kubwa kila mmoja anakunywa hadi mililita 0.2 kwa siku, mia moja kati yao ni mililita 20. Kichocho cha mkojo kinatoa damu mwishoni mwa kukojoa, mwambie akuletee mkojo wa mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane, ndipo mayai yanapokuwa mengi. Kipimo cha selimundu pia kama hajawahi: tone la damu na metabisulfaiti ya asilimia 2 iliyokorogwa LEO, ziba kingo za kifuniko, soma baada ya nusu saa. Kikitoka chanya hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, hapo inahitajika elektroforesisi, kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini kwa umeme.

#25 KoroshoDarajaLaKwanza

Akianza vidonge apimwe tena lini?

#26 NesiWaKliniki

Baada ya wiki 4. Tegemea kupanda kwa kama gramu 1 akimeza kila siku. Isipopanda, muulize kwanza kama anameza au vinamkera tumbo, kisha rudi kwenye orodha ya mzee hapo juu. Apimwe kwa njia ile ile ya mwanzo. Na pembeni ya namba kwenye kadi andika K kama ni kidole au M kama ni mshipa, mwenzako wa kituo kingine asianze ubishi huu upya.